Ahadi ya Kitu Kisicho Mkononi



Sisi tuliolelewa Pwani tulifundishwa mapema kwamba ahadi ni deni. Mtoto huenda hajui kuhesabu hata mia, lakini neno hili analijua, na hulikumbuka hasa siku mkubwa anapojaribu kulikwepa. Mimi mwenyewe nimelifundisha darasani miaka mingi bila kulitilia shaka. Ilinibidi nifike uzeeni, tena nikiwa ugenini, ndipo nijiulize swali ambalo mwanafunzi mwerevu angaliweza kuniuliza zamani: je, mtu aweza kuwiwa kitu ambacho hakuwa nacho tangu mwanzo? Nikikuahidi ng'ombe wa jirani, deni hilo ni la nani?

Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia kwa sababu ya safari ya kwenda kutazama roketi.

Mwaka 2022 nilikuwa Marekani, mjini Atlanta, nimemtembelea mwanangu anayefanya kazi huko pamoja na mkewe. Wana watoto wawili, msichana aliyekuwa na miaka 11 wakati ule na mvulana wa miaka 8. Mwezi wa Agosti habari zikajaa kila mahali kwamba Shirika la Anga la Marekani, NASA, litarusha kutoka Florida roketi yenye urefu wa mita 98, ipeleke chombo kuuzunguka Mwezi. Safari yenyewe iliitwa Artemis I. Haikuwa na mtu ndani, lakini chombo kile kilitengenezwa kwa ajili ya kubeba watu, na chombo cha namna hiyo hakikuwa kimekwenda Mwezini tangu Desemba 1972. Siku iliyotajwa ilikuwa Jumatatu, 29 Agosti, saa mbili na dakika 33 asubuhi.

Jioni moja mezani mwanangu akawaambia watoto: "Jumatatu mtaiona." Hakusema tutakwenda kuitazama. Alisema mtaiona. Sikuliangalia neno lile wakati ule, kwa maana furaha ilikuwa kubwa na mvulana alikwisha kuacha chakula chake akikimbilia ramani.

Ramani ilituonyesha mji wa Titusville, ng'ambo ya mto uitwao Indian River, kama kilomita 20 kutoka mahali roketi ilipokuwa imesimamishwa. Kutoka Atlanta ni zaidi ya kilomita 700. Hoteli za karibu zilijaa, na zile ambazo hazikujaa zilikuwa zimepandisha bei pasipo haya, tukapata chumba karibu na Orlando. Ilikuwa lazima tuamke saa nane usiku kwa sababu ya msongamano wa magari. Viti vya kukunja, maji, mkate, miavuli na dawa ya mbu, vyote viliandikwa katika orodha na yule msichana. Mvulana nilimpa kazi yake mwenyewe. Nilimweleza kwamba mwanga utatufikia mara moja, bali sauti huenda kama mita 340 tu kwa kila sekunde, kwa hiyo tutauona moto kwanza, kimya, na ngurumo itachelewa. Akagawanya kwenye karatasi, akapata sekunde 59 hivi. Tangu siku ile alizunguka nyumbani akihesabu mpaka 59.

Mama yao hakuwa na furaha kama sisi. Watoto wangekosa shule siku ile, na fedha za hoteli na petroli zilikaribia karo ya muhula mzima ya mtoto wa dada yake aliyeko nyumbani. Alilisema mara moja tu, kwa upole, akanyamaza. Naona hakuwa mtu wa kwanza kulisema mahali pale. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, Mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika nafasi ya Martin Luther King, alifika kule na familia za watu maskini na mikokoteni inayovutwa na nyumbu. Mkuu wa NASA, Bwana Thomas Paine, alitoka kuonana naye. Alimwambia kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho yake kungaliondoa umaskini, wasingalikibonyeza. Kisha akazipa baadhi ya familia zile nafasi ya kutazama, naye Abernathy akawaombea salama watu waliokuwa wakienda. Ni kisa kizuri, lakini kila nikikikumbuka naona kwamba hoja ya mchungaji iliheshimiwa tu. Haikujibiwa. Na yetu pale mezani vilevile haikujibiwa wiki ile, tukaenda.

Tulifika alfajiri. Ukingo mzima wa mto ulikuwa umejaa watu: wazee katika viti, vijana juu ya mapaa ya magari, watoto wachanga wamelala kwenye mablanketi. Tulingoja. Saa mbili ilipita, hesabu ya kurudi nyuma ikiwa imesimamishwa, kisha redio za watu wote zikasema kwa pamoja kwamba imeahirishwa. Injini moja kati ya nne ilikuwa haionyeshi kupoa kadiri inavyotakiwa kabla ya kuwashwa.

Mvulana hakulia. Alimtazama baba yake, akasema, "Lakini ulisema tutaiona."

"Si kosa langu, ni injini," akajibu mwanangu. Tulipokuwa tumekwama katika magari, kwa kilomita chache zilizotuchukua muda mrefu sana, akagonga usukani akasema, "Wangeirusha tu! Wanaogopa nini?" Mtu wa gari la pembeni, ambaye hatukumjua, alikuwa akisema maneno hayohayo kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo mwili ulinisisimka, na sababu yake ni ya zamani.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mombasa. Nilikuwa nimewasimulia wanafunzi wangu habari za Bi. Christa McAuliffe, mwalimu kutoka New Hampshire, aliyechaguliwa miongoni mwa walimu zaidi ya 11,000 ili asafiri katika chombo Challenger na kufundisha somo kutoka angani. Sisi walimu tuliona kama kwamba ametuchukua sote. Jioni ya tarehe 28 Januari nilisikia katika redio kwamba amekufa pamoja na wenzake sita, na kesho yake asubuhi sikujua nianze vipi mbele ya darasa.

Habari kamili ilijulikana baadaye, tume ilipochunguza. Safari ile ilikuwa imeahirishwa tena na tena. Tarehe 27 parafujo la mpini wa mlango lilikataa kutoka, na lilipotoka upepo ukawa umezidi. Watangazaji wa televisheni walikuwa wameanza kuidhihaki NASA kwa kuchelewa. Usiku ule wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walisema kwa simu kwamba baridi inayokuja ni kali mno, kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi zile itakuwa migumu na moto waweza kupenya. Wakashauri zisirushwe joto likiwa chini ya nyuzi 12. Wakubwa wa NASA hawakupendezwa. Wakubwa wa kampuni wakajitenga kidogo wakashauriana, wakarudi na ruhusa. Mhandisi Allan McDonald, aliyekuwako Florida kwa niaba ya kampuni, alikataa kuitia sahihi ruhusa ile, ikatiwa na mkubwa wake aliyekuwa Utah. Asubuhi joto lilikuwa nyuzi 2 hivi. Challenger iliruka, na baada ya sekunde 73 ikasambaratika.

Na chini, wakitazama, walikuwapo wazazi wa Bi. McAuliffe, na mumewe, na watoto wake, pamoja na watoto wa darasa la mwanawe walioletwa kutoka kwao ili waone. Hiyo nayo ilikuwa safari ya familia. Bila shaka mtu fulani alikuwa amewaambia watoto wale: mtaiona.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba watoto wale walimsukuma mtu yeyote. Hawakujua lolote, na waliosukumana walikuwa watu wazima wenye vyeo. Nasema jambo dogo zaidi, ambalo kwangu ni zito. Tumezoea kufikiri kwamba mtu anayeahidi kisicho chake anamkosea yule anayeahidiwa, kwa kuwa atamvunja moyo. Ni kweli, lakini kuvunjika moyo hupona. Kuna wa pili anayekosewa naye hatumwoni: yule ambaye kitu kimo mkononi mwake. Baba akisema "mtaiona", neno lake haliwezi kuwa kweli mpaka mhandisi asiyemjua aseme "tayari". Tangu dakika ile amekuwa mdai wa mhandisi yule. Hana nia mbaya hata kidogo, anataka tu kutimiza neno lake kwa mwanawe. Ila kutimia kwa neno lake sasa kunamtaka mtu mwingine asiogope, hata kama kuogopa ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Zidisha baba huyo mara elfu makumi ukingoni mwa mto, weka na wakubwa walioahidi wakubwa zaidi, na magazeti yaliyoahidi wasomaji, ndipo utaelewa McDonald alikuwa amesimama mbele ya nini usiku ule.

Mwanangu, mtu mpole, asiyeweza kumwendesha mfanyakazi wake kwa gari bovu, alikuwa amesema wangeirusha tu. Ahadi yake ndiyo iliyosema.

Baadaye wahandisi walieleza kwamba walishuku kipimajoto kilikuwa kibovu, na kwamba yaelekea injini yenyewe ilikuwa imepoa sawasawa. Mwanangu aliisoma habari hiyo kwa sauti kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona, Baba? Ingeweza kuruka!" Nikamjibu kwamba asubuhi ile hawakuwa na injini machoni, walikuwa na kipimajoto tu. Mtu huhukumiwa kwa yale aliyoweza kuyajua saa ya kuamua. Waliosema ndiyo mwaka 1986 wangalisifiwa kwa ujasiri kama mipira ile ingalishika, na uamuzi wao ungalikuwa mbaya vilevile.

Jumanne ikatangazwa kwamba watajaribu tena Jumamosi, 3 Septemba, saa nane na dakika 17 mchana. Jumatano usiku, watoto wakiwa wamekwenda kulala, tuliketi jikoni watu wazima watatu kupanga safari ya pili.

Mwanangu alikuwa na uchungu bado. Alitaka watoto wasiahidiwe chochote tena maishani mwao. Mkewe alikuwa na shauri jingine: tuwaambie tunakwenda kuogelea baharini, tusitaje roketi kabisa. Ikiruka watashangaa, isiporuka hawatakosa kitu. Nilikubali kwamba ni shauri la huruma, na wazazi wengi hufanya hivyo. Lakini kulikuwa na hesabu ya 59. Kumficha mtoto jambo asije akalikosa ni kumkosesha wiki nzima ya kulingojea, na kwa mtoto wa miaka 8 sina hakika kama kungojea si nusu ya jambo lenyewe. Tena angegundua. Ukingo ule haufichiki.

"Wewe waonaje, Baba?" akaniuliza mkamwana.

Nikasema waambiwe kwamba tutaiona Mungu akipenda.

Sauti ikatoka gizani kwenye ngazi, ya yule msichana ambaye hakuwa amelala: "Babu, hiyo maana yake ni hapana."

Tulicheka, lakini nilitahayari, kwa sababu alisema kweli. Ni mara ngapi nimesema "Mungu akipenda" kumwondoa mtu mlangoni? Fundi asiyekusudia kuja hulisema, na mwenye deni pia, na hata sisi wazee wa kanisa tunapoombwa kuingia kamati. Mtume Yakobo, alipowaonya watu wanaopanga safari na biashara ya mwaka mzima kana kwamba kesho ni mali yao, hakukusudia kutupa pazia la kujifichia. Neno lile ni la mtu ambaye amekwisha kufunga mizigo, amefanya yote yaliyo yake, na anajua yale yaliyobaki si yake. Likisemwa na mtu ambaye hajafunga hata kamba moja linakuwa uongo unaovaa kanzu.

Basi tukaanza kupanga upya kwa kuuliza yaliyo yetu ni yapi, na kazi hiyo ilituchukua karibu mpaka usiku wa manane. Kwenda ni kwetu. Kufika mapema ni kwetu. Simu ya kazini kuachwa nyumbani ni kwa mwanangu, naye alisitasita hapo kuliko mahali pengine pote, nikajua kwamba sasa tunaahidi kitu chenye gharama. Mkamwana akasema kuna kitu kingine kilicho chetu, nacho ni karo. Itumwe kesho asubuhi kwanza, na fedha zitakazobaki ndizo za safari. Zilibaki kidogo. Hoteli ikafutwa, tukakubaliana kusafiri usiku wa Ijumaa kwa kupokezana usukani, wao wawili, maana mimi kule siendeshi.

Asubuhi mwanangu aliwaambia watoto, nami nilikuwapo: "Tutakwenda Jumamosi. Nitakuwa nanyi siku nzima bila simu. Ikirushwa tutaiona pamoja. Kuna watu wanaoitazama usiku na mchana, na wakiona kasoro hata ndogo watasema bado. Wakisema bado, tutakwenda kuogelea Cocoa Beach, kisha turudi."

"Na ile ya Jumatatu?" akauliza mvulana.

"Ile nilikosea. Niliwaahidi kitu kisicho changu."

Sikumfundisha maneno hayo. Ni vigumu kwa baba kuyasema, mimi sikuwahi kumwambia yeye alipokuwa mdogo, ingawa nilikuwa na sababu zaidi ya moja.

Jumamosi tulikuwa ukingoni kabla jua halijapanda. Walikuwa wakijaza haidrojeni ya maji, ambayo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni gesi nyepesi kuliko zote hupenya mahali ambapo maji yasingepenya kamwe. Ilivuja kwenye maungio ya bomba. Wakajaribu kuiziba mara tatu. Kabla ya saa sita mchana ikaahirishwa tena, na manung'uniko yakapita ukingoni kama upepo katika mahindi.

"Nani aliyesema isirushwe?" akauliza msichana. Nikamwambia kwamba ni Bi. Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kushika kazi ya kuongoza urushaji pale.

Aliwatazama watu waliokuwa wakikunja viti vyao. "Kwa hiyo watu wote hawa wamemkasirikia mtu mmoja," akasema. Kisha akaongeza, "Na yeye pia alikuwa anataka kuiona."

Tulikwenda kuogelea. Mwanangu alikuwa amechoka na uso umemshuka, sitasema uongo kwamba alikuwa na amani kuu. Lakini hakugonga usukani, na hakuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Isije ikadhaniwa kwamba namsifu kila asemaye bado. Wako wanaosema bado kwa uvivu, na wengine ili lawama isiwafikie. Roketi ile ilirudishwa bandani mwezi wa Septemba kwa kuogopa tufani iliyoitwa Ian, ikatolewa tena, ikapigwa na upepo wa tufani nyingine mwezi wa Novemba ikiwa imesimama nje. Usiku ambao hatimaye iliruka, haidrojeni ilivuja tena kwenye vali, na watu watatu wakakubali kwenda chini ya roketi iliyokwisha kujazwa mafuta, wakakaza nati kwa mikono yao. Wangesema bado usiku ule hakuna ambaye angewalaumu. Walikwenda. Ila walijua wanachokwenda kukikaza, na tofauti yao na yule mtu wa gari la pembeni imo hapo.

Hiyo ilikuwa tarehe 16 Novemba, saa saba na dakika 47 usiku, katikati ya juma la shule. Hatukusafiri, fedha zilikwisha na likizo ya mwanangu ilikwisha. Alikuwa amewaahidi watoto kuwaamsha tu, akawaamsha. Msichana alitazama kwa dakika mbili akarudi kitandani. Mvulana aliketi sakafuni mbele ya televisheni, amejifunika blanketi. Moto ulipowaka ngurumo ilitoka katika televisheni papo hapo, lakini niliona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu. Roketi ilikwisha kuwa nyota ndogo juu ya bahari, naye hajamaliza. Alipofika 59 alinyamaza, akainua kichwa.

Nikamuuliza alikuwa akingoja nini, kwa kuwa sauti tulikwisha kuisikia.

"Si hapa, Babu," akasema. "Kule tulikokuwa tumesimama. Sasa hivi ndiyo imefika."